Vitabu Vifike Mpaka Pweto

Hotuba kwa walimu, watunza maktaba, vikundi vya michezo ya kuigiza, watu wa redio na viongozi wa komini, Lubumbashi

Waheshimiwa viongozi wa jimbo na wa komini, walimu wetu, mama na baba mnaotunza maktaba za parokia na za shule, ndugu zetu wa redio na wa michezo ya kuigiza, vijana wetu: hamjambo nyote.

Jimbo letu la Haut-Katanga lina teritori sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania, pamoja na miji ya Lubumbashi na Likasi. Ukitafuta mahali pa kusikiliza mjadala wa kitabu, kutazama maonyesho ya picha au kufungua makaratasi ya zamani, karibu vyote utavikuta hapa mjini, na nauli yake ni ya bisi moja. Jumba la Makumbusho lilianzishwa 1946. Chuo Kikuu kilifungua milango 1956. Maonyesho makubwa ya sanaa ya kikundi kiitwacho Picha, yanayorudi kila baada ya miaka miwili, yalianza 2008. Hizo ni mali zetu, na waliozilinda katika miaka migumu wanastahili heshima. Lakini mtu wa Pweto anayekaa kando ya ziwa Mweru, au mwalimu wa Mitwaba kule milimani, hawezi kushuka Lubumbashi kila kunapokuwa na mkutano wa waandishi. Yeye naye ana haki hiyo: Katiba ya 2006, katika kifungu cha 46, imeahidi haki ya utamaduni kwa kila mtu, bila kusema aishi wapi.

Kusaidia historia, lugha, fasihi, falsafa na sanaa katika jimbo zima, sisi tunakuona kuwa kwanza ni kazi ya usafiri. Vitabu viende kwa watu, maneno ya watu yakusanywe, na kilichokusanywa kirudi palepale kilipotoka, kikiwa karatasi ambayo mtu anaweza kuishika mkononi. Safari ya kwenda tumeizoea. Ya kurudi ndiyo inayotushinda.

Mfano mkubwa tunao hapahapa. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, wapishi, maboi na walinzi wa zamani, kiliandikisha historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi kwa jina lake la zamani, tangu 1910. Mwandishi wao aliitwa André Yav. Waliandika kwa mashine, kwa Kiswahili cha hapa Katanga, kila jambo walivyoliona wao wenyewe toka jikoni na toka uani. Hawakungoja mfadhili wala profesa. Kitabu hicho kilikuja kujulikana kwa wataalamu wa nje kwa kazi ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekitoa tena 1990, Uholanzi, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Hapo pana jambo la ufundi ambalo kila anayekusanya maneno ya wazee alijue. Maandishi yale yalikuwa magumu kusomeka kwa macho: nukta hazikukaa mahali pake, maneno mengine yameshikana, mengine yamekatwa katikati. Njia iliyofanya kazi ni kumpa mwenyeji, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti, kisha sauti yake ikaandikwa upya. Yaliyofungwa kwenye karatasi yalifunguka yalipopita kinywani mwa mtu anayekijua Kiswahili cha Lubumbashi. Tangu hapo kanuni ni moja: andiko lolote la Kiswahili chetu lisomwe kwa sauti, na mwenyeji, kabla halijaenda kwa mchapaji. Pale msomaji anapokwama mara mbili, kosa mara nyingi ni la nukta au la kukata neno, si la msomaji.

Picha za Tshibumba Kanda Matulu zilikwenda njia hiyohiyo. Alichora historia ya nchi nzima katika picha 101, miaka ya 1973 na 1974, hapa mjini. Zimetunzwa Uholanzi. Zimetunzwa vizuri, hatulalamiki juu ya utunzaji. Tunachouliza ni hiki: mtoto wa Katuba anayetaka kuona historia ya nchi yake ilivyochorwa na mtu wa mji wake, ataiona wapi kwa nauli aliyo nayo? Watu wa hapa tulikuwa na neno la picha za namna ile ukutani sebuleni, tuliziita ukumbusho. Ukumbusho huning'inia nyumbani kwa mwenyewe.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe, tuanze na kurekodi wazee, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Kikundi kinapata kinasa sauti au simu nzuri, kinarekodi saa thelathini kwa mwezi mmoja, kinafurahi. Baada ya mwaka saa zile thelathini zimo ndani ya simu ya mtu mmoja, hazijaandikwa hata ukurasa, na simu imeanguka majini. Sababu ni hesabu ambayo haikufanywa mwanzoni. Saa moja ya mazungumzo, kwa mtu aliyezoea, inadai saa sita mpaka nane za kuandika. Kiswahili chetu kinapochanganyika na Kifaransa, Kibemba au Kiluba, ni nane kuliko sita. Saa thelathini za sauti ni saa mia mbili na zaidi za kukaa mezani. Kwa hiyo tunashauri kikundi kidogo kisirekodi zaidi ya saa kumi katika msimu mmoja, na fedha ya mwandikaji iwe kubwa kuliko fedha ya mrekodi. Ukiona bajeti ambayo mashine imekula nusu, irudishe.

Rekodi wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Mvua ikinyesha juu ya bati, mzee anapiga kelele, nawe hutasikia kitu. Weka kinasa sauti juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, maana meza hubeba kila kidole kinachogonga. Kikae urefu wa mkono mmoja kutoka mdomoni. Kama mashine inaruhusu, chagua faili ya WAV: kwa sauti ya njia moja, saa moja itachukua karibu megabaiti 320. Ya MP3 ya kawaida itachukua chini ya 60, nayo inafaa kutumiana kwa simu lakini si kuweka kwa miaka. Faili ipewe jina siku hiyohiyo: mwaka, mwezi, siku, mahali, namba. Kwa mfano 2025-06-14_Kipushi_01. Faili iitwayo "mzee mpya mwisho kabisa" haitajulikana na mtu baada ya miezi miwili. Nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba ya kikundi, kwa parokia au kwa shule jirani.

Ruhusa ombeni kwa mdomo, mbele ya mashine, kabla ya swali la kwanza, kwa lugha ya mzee mwenyewe. Mwambieni nani atasikia, kama itachapwa, kama jina lake litaandikwa, na kwamba anaweza kusema "hapa futa" hata baada ya wiki. Mambo mengine ya ukoo na ya mizimu hayatoki nje, na mzee akisema jambo hili ni la ndani, kalamu isimame. Kikundi kilichochapa jambo moja la ndani hakitafunguliwa mlango tena katika kijiji kile, wala kikundi kitakachokuja baada yake.

Sasa lugha. Hapa tunawaomba walimu watuvumilie, kwa sababu mwalimu mzuri ana mkono unaosahihisha. Mzee akisema "batu balikuwa banatumika ku mine", andika hivyohivyo. Mkono wa mwalimu unataka kuandika "watu walikuwa wanafanya kazi mgodini". Ni Kiswahili safi, lakini tazameni kilichopotea. Kwetu hapa, kutumika ni kufanya kazi ya mshahara, kazi ya kuamka kwa king'ora. Kulima shamba lako si kutumika. Neno moja limebeba karne nzima ya kampuni za shaba, nalo limefutwa kwa sababu ya usafi. Tunaandika nakala mbili. Ya kwanza ni ya sauti ilivyo, na kila dakika tano tunaweka alama ya saa pembeni ili mtu aweze kurudi kusikiliza. Ya pili ni ya kusoma: tunaondoa kigugumizi na maneno yaliyorudiwa bure, tunaweka nukta, lakini "batu", "bintu" na "njo vile" vinabaki. Neno gumu linafafanuliwa chini ya ukurasa kwa mstari mmoja. Kusahihisha kwa pamoja ni bora kuliko peke yako: mmoja asome, wa pili afuate kwa macho, wa tatu awe mtu wa rika la mzee.

Kutoka nakala ya pili ndipo kitabu kidogo kinazaliwa. Tukisema kitabu watu hufikiria kampuni ya uchapaji, hali kijitabu cha kurasa 32 kinatengenezwa na mashine ya fotokopi na stepla yenye mkono mrefu. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne. Karatasi nane ni kurasa 32. Ndiyo maana hesabu ya kurasa igawanyike kwa nne kila mara, la sivyo utaishia na kurasa tupu mwishoni au, vibaya zaidi, ukurasa wa 17 ukutane na wa 4. Kabla ya kuchapa, chukueni karatasi nane tupu, zikunjeni, ziandikeni namba kwa kalamu kuanzia 1 hadi 32, kisha zifungueni. Mtaona karatasi ya nje inabeba 32 na 1 upande mmoja, 2 na 31 upande wa pili. Kielelezo hicho kikae juu ya mashine mpaka kazi iishe.

Kwa nakala 300 mnahitaji karatasi 2,400. Rimu moja ina 500, kwa hiyo rimu tano zinatosha kwenye hesabu, lakini nunueni sita, kwa kuwa mashine hula karatasi, hasa umeme unapokatika katikati ya kazi. Jalada ni karatasi 300 za aina nene. Herufi zisishuke chini ya ukubwa wa 12, na kama wasomaji ni watu wazima waliojifunza kusoma karibuni, ziwe 14. Pini mbili zipigwe kwenye mkunjo, kila moja sentimita tano hivi kutoka ukingoni. Msizidishe kurasa 60 kwa njia hii: kurasa za katikati hutokeza nje, mgongo haulali sawasawa, na pini zinararua. Kitabu kikizidi hapo, kishoneni kwa uzi. Gundi peke yake tumeacha kuishauri. Kiangazi chetu huikausha, mtu anafungua kitabu mara ya tatu na kurasa zinamwagika mapajani.

Katika nakala 300, hesabu ya kugawa iandikwe kabla ya kuchapa, maana baada ya kuchapa kila mkubwa anataka kumi. Nakala 100 zirudi kwa familia na kwa kijiji kilichosimulia. Nakala 100 ziende kwenye shule za teritori ileile. Zilizobaki ni za maktaba za jimbo, za Chuo Kikuu, za Makumbusho, za kuwekwa kwenye maktaba ya taifa Kinshasa, na chache za kuuzwa. Anayekuja kuomba baada ya hapo anaonyeshwa karatasi ya mgawo.

Tuje kwenye sanduku la vitabu. Jimbo letu halitajenga maktaba katika kila sekta na kila usultani katika miaka hii, tuseme wazi. Sanduku la bati linawezekana. Kitabu cha karatasi laini chenye kurasa 200 kina uzito wa gramu 250 hivi. Vitabu 60 ni kilo 15. Ukiongeza uzito wa sanduku lenyewe, mzigo bado unapanda pikipiki moja nyuma ya dereva. Hapo ndipo hesabu ya 60 inapotoka. Sanduku la vitabu 150 linadai gari, na gari la Kasenga wakati wa mvua linaweza kukungoja wiki.

Ndani yake tunaweka vitabu 25 vya watoto, maana mtoto ndiye humvuta mama yake kuja. Kumi na tano ni vya Kiswahili kwa watu wazima, vikiwemo vile vijitabu vyetu. Vinane ni nakala za kitabu kimoja, kwa ajili ya kusoma pamoja. Vinavyobaki ni riwaya za Kifaransa, historia, na viwili vitatu vya sheria ya ardhi na ya ndoa, ambavyo hutoka kuliko vyote, mnaweza kuamini. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi 1941. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapa Lubumbashi 1981. Vitabu vyao vinasomwa katika vyuo vya nchi nyingi, na si haki kijana wa Likasi au wa Ruashi ayasikie majina hayo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni.

Sanduku linakaa miezi mitatu mahali pamoja, kisha linahama. Likikaa zaidi, wanaosoma wamemaliza na wasiosoma wamelizoea kama kiti. Liwekwe juu ya matofali, angalau sentimita 20 kutoka sakafuni na kutoka ukutani, ili njia ya mchwa ionekane kabla haijafika. Msiliweke chini ya dirisha. Katika mvua, mara moja kwa wiki vitabu vitolewe vipigwe na hewa kivulini kwa saa mbili. Jua kali hukunja majalada. Kitabu kilicholowa kisimamishwe wima, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, kisilazwe, kwa maana kikilazwa kurasa zinashikana na hapo kimekwisha.

Lakini adui mkubwa wa sanduku si mchwa, ni kufuli. Mtunzaji anapewa vitabu 60 na kuambiwa "kikipotea kimoja utalipa". Mtu mwenye akili atafanya nini? Atafunga. Mkaguzi akija anakuta vitabu 60, vyote safi, na kila mtu anashukuru. Sanduku lile limekufa. Sisi tunaandika ndani ya bajeti kwamba vitabu sita kati ya 60 vitapotea au kuchakaa kila mwaka, na mtunzaji anaambiwa hivyo mbele ya kijiji. Halafu tunamuuliza jambo lingine: daftari. Jina la mwazimaji, kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Daftari chafu lenye majina 80 ni habari njema hata kama vitabu vimebaki 51.

Mtunzaji alipwe kitu. Wengi wanapenda neno kujitolea, na moyo upo kweli, lakini moyo huchoka mwezi wa nne, mtu anapoacha shamba lake ili afungue sanduku. Hata posho ndogo ya kila mwezi inayofika kwa siku ileile inamzuia mtu kuacha, kuliko zawadi kubwa ya mwisho wa mwaka.

Kusoma pamoja kunataka watu 8 mpaka 15. Wakizidi, watano wanasema na wengine wanasikiliza. Kule Seattle, Marekani, maktaba ya mji ilianza 1998 kuwaalika watu wa mji mzima wasome kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na miji mingine mingi ikaiga. Sisi tunalo la kuongeza: kusoma kwa sauti. Nakala nane kwa watu kumi na tano zinatosha kama sura inasomwa kwa zamu, nusu saa, kisha mazungumzo saa moja. Asiyejua kusoma anakaa sawa na wengine. Kiongozi wa mazungumzo awe na maswali matatu tu kwenye karatasi, na lile la kwanza liwe jepesi kabisa: "Nani katika habari hii ungemkaribisha bukari, ugali wetu?" Kiongozi akianza kufundisha, kikundi kinageuka darasa na mama wanaacha kuja. Saa pia ina maana. Ukiweka saa kumi na moja na nusu jioni, jua linazama, umeme haupo, na dada zetu hawatatembea gizani. Jumapili baada ya ibada, mchana, ndiyo saa inayojaza benchi.

Kuhusu michezo ya kuigiza tutasema machache, kwa kuwa mji huu hauhitaji kufundishwa. Kikundi cha Mufwankolo kilicheza kwa Kiswahili cha hapa, redioni na kwenye televisheni, na michezo yake iliundwa kwa mazungumzo na mazoezi, bila maandishi kamili mezani. Kwa hiyo mfuko wowote unaodai mchezo wote uandikwe kabla ya kutoa msaada umewafungia nje walio hodari kuliko wote. Ombeni mukhtasari wa ukurasa mmoja, na mtume mtu akatazame zoezi moja. Redio nayo: lipieni mafuta ya jenereta, na mpeni mtangazaji ile rekodi ya wazee ambayo tayari imeandikwa na imesafishwa. Dakika ishirini kwa wiki, siku ileile, saa ileile.

Sasa fedha.

Tuanze na funzo kutoka mbali. Marekani ilitunga sheria mwaka 1965 iliyounda mfuko wa taifa wa elimu hizi za utu, yaani historia, lugha, fasihi na falsafa, na baadaye kila jimbo likawa na baraza lake. Leo mabaraza hayo ni 56, ukihesabu majimbo yote 50, mji mkuu na visiwa. Yamefanya kazi nzuri sana vijijini: vikundi vya kusoma, maonyesho yanayosafiri, historia za miji midogo. Aprili 2025 serikali ile ilikata misaada hiyo kwa ghafla. Mabaraza mengi yaliyokuwa yakitegemea bomba moja yalijikuta makavu katika siku chache, hata taasisi ya Mellon ilipotoa dola milioni 15 za dharura hazikuweza kujaza pengo lote. Kama nchi tajiri kiasi kile imeona hayo, sisi tusijenge juu ya mfadhili mmoja. Chanzo chochote kisizidi theluthi moja ya bajeti ya mwaka. Tunajua ni vigumu. Ndiyo maana tunalisema mapema, kabla fedha za kwanza hazijaingia.

Na hapa kwetu vyanzo vipo ambavyo watu wa vitabu hatuviangalii, tukidhani ni mambo ya wachimbaji. Sheria ya madini, ilivyorekebishwa 2018, inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyohiyo inadai kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Zaidi ya hayo kampuni inatia sahihi na wananchi hati ya majukumu yake. Katika hati hizo utasoma visima, zahanati, barabara, madarasa. Ni vitu vya lazima, hakuna atakayevipinga. Ila darasa likishaandikwa, kuongeza chumba kimoja cha kusomea, mita sita kwa nane, rafu mbili na madirisha ya upande wa kusini yasiyopigwa sana na jua la mchana, ni mstari mmoja tu. Mstari huo haujiandiki. Inabidi mwalimu au mtunza maktaba awe amekaa ndani ya kikao siku ile, na karatasi yake mkononi, yenye vipimo na hesabu. Akifika na hotuba juu ya umuhimu wa kusoma atapigiwa makofi na kuachwa.

Fedha zikipatikana, zitolewe kidogokidogo kwa wengi. Dola 300 mpaka 1,500 kwa kazi moja zinatosha kwa yote tuliyoyasema. Asilimia 60 mwanzoni, 30 kazi inapofika nusu, 10 baada ya ripoti. Wanaotoa nusu tu mwanzoni hulazimisha kikundi kukopa, na wanaotoa zote mara moja hawaoni ripoti. Kikundi cha kijiji hakina akaunti ya benki, basi kipitie shule au parokia, au pesa za simu kwa namba yenye majina mawili yaliyoandikishwa kwenye mkataba. Kijijini hakuna fakture, ile hati ya malipo yenye mhuri: aliyebeba sanduku kwa mtumbwi hana mhuri. Kubalini karatasi yenye kiasi, tarehe, sahihi au dole gumba, na mashahidi watatu. Wanaochagua miradi wawe watano, na angalau wawili watoke nje ya Lubumbashi, walipwe nauli kabla ya kikao, si baada.

Kosa lililoua miradi mingi kuliko wizi ni kalenda. Maombi yanaitishwa Juni, majibu Septemba, fedha zinafika Novemba, na mvua imeshaanza. Kikundi cha Mitwaba kinakaa nazo mpaka Aprili, mtoaji anadhani zimeliwa, ugomvi unazaliwa. Geuzeni: maombi yafungwe mwisho wa Januari, majibu yatoke Machi, sehemu ya kwanza iwe mkononi kabla ya Aprili kuisha. Mei hadi Septemba ni kurekodi na kusafirisha masanduku. Mvua zikianza, watu wakae ndani waandike, wasahihishe, wachape.

Fomu ya maombi iwe ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu, Kifaransa upande ule. Mfano wake tumeuweka kwenye meza mlangoni, pamoja na kielelezo cha karatasi nane zilizokunjwa. Chukueni, na mnaotoka Pweto na Mitwaba chukueni kwanza, mna safari ndefu.